Mwiko wa Mwashi na Mwiko wa Mzimu

Tarehe 14 Aprili 2020 umeme ulikatika Uganda nzima. Hapakuwa na vita wala mgomo. Kisiwa kilikuwa kimehama. Kipande cha mafunjo, mizizi na tope lililofungamana kilichomoka ufukweni mwa ziwa Victoria, kikasukumwa na upepo mpaka mji wa Jinja, kikajisogeza kwenye mitambo ya kufua umeme bila kupiga hodi. Mitambo ikazima, na kwa saa kadhaa nchi ikakaa gizani kwa sababu ya majani.

Ziwa lenyewe lilikuwa limevimba. Mvua zilizoanza kunyesha mwishoni mwa 2019 hazikukoma kwa wakati wake, na mwezi Mei kipimo cha maji cha Jinja kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya mita 13.41 iliyokuwa imesimama tangu Mei 1964. Hoteli za ufukweni ziliona maji yakiingia kwenye bustani, kisha kwenye kumbi, kisha kwenye vyumba. Wageni hawakuwapo kwa sababu ya korona. Samaki ndio waliopita mapokezi.

Msanifu majengo aliyetazama mambo hayo mawili kwa pamoja angeona somo ambalo chuo hakilifundishi mara nyingi. Jengo lililosimama imara lilizama. Kisiwa kisichokuwa na msingi wowote kilisafiri salama, kikawa ndicho chenye nguvu ya kuzima taa za taifa.

Wapo watu mashariki mwa Uganda ambao habari hiyo isingewashangaza. Ni Wakenyi (wasichanganywe na Wakenya), wavuvi wa ziwa Kyoga na mto Mpologoma. John Roscoe, mmisionari wa Kianglikana aliyegeuka mwandishi wa mila, aliwatengea sehemu yao katika kitabu chake cha 1915 kuhusu Wabantu wa kaskazini, akiwaita wakazi wa ziwani. Aliwakuta nyumba zao ziko juu ya mafunjo, katikati ya maji, na mtumbwi ndio uliokuwa njia yao. Kwenda kwa jirani kulitaka kafi.

Ufundi wa makao hayo unastahili kuelezwa polepole. Funjo haliko peke yake kama mhindi shambani. Mashina yake hulala chini, hushikana na kusukana mpaka yanakuwa mkeka mnene unaoelea, na juu ya mkeka huo mabua hupanda mita nne au tano. Mtu akikata mabua na kuyalaza tabaka juu ya tabaka, anapata sakafu. Maji yakipanda, sakafu inapanda nayo, yakishuka, inashuka. Ikianza kuoza, anaongeza tabaka jingine. Nyumba ya namna hiyo haishindani na ziwa, na mwenye nyumba hawezi kusema kwamba kiwanja ni chake, kwa kuwa kiwanja chenyewe kinaweza kuamka asubuhi kikiwa mahali pengine.

Huo ndio mji wa majini wa asili wa eneo hili. Hauna mifereji iliyojengewa kwa mawe wala madaraja ya upinde. Swali la makala haya linaanzia hapo: hoteli ya kando ya ziwa inayojengwa kwa kuiga makao ya jadi ya watu wa majini huwa inaazima nini? Umbo, au imani iliyolizaa umbo?

Kwa sasa duniani kote jibu ni umbo. Huko China, katika nchi tambarare ya kusini mwa mto Yangtze, miji ya mifereji iliyodumu karne nyingi imegeuzwa vivutio. Katika mji wa Wuzhen, wakazi wa mtaa wa Xizha walihamishwa, nyumba zao zikakarabatiwa kwa uangalifu mkubwa, na mtaa ukafunguliwa 2007 kama mahali pa mapumziko. Kila boriti iko mahali pake. Kinachokosekana ni bibi anayemwaga maji ya kuoshea mchele mlangoni pake. Vibanda vilivyosimama juu ya maji, ambavyo leo watu huvifikiria wanapotaja fungate, vina historia fupi kuliko wengi wanavyodhani: vya kwanza vilijengwa na Wamarekani watatu wenye hoteli kisiwani Raiatea, katika Polinesia ya Ufaransa, mwaka 1967. Wageni wengi huviona kama urithi wa kale, ilhali umri wake haujafika ule wa mzee wa kustaafu.

Mfano unaouma zaidi uko Afrika yenyewe. Mji wa Ganvié, juu ya ziwa Nokoué nchini Benin, ulianzishwa na Watofinu waliokuwa wakiwakimbia wateka watumwa wa ufalme wa Dahomey. Simulizi ya mji huo ni kwamba walichagua maji kwa sababu wapiganaji wa Wafon walikatazwa na dini yao kuwashambulia watu waliokaa juu ya maji. Nguzo za Ganvié zimekita kwenye tope, lakini kilichoushikilia mji ni katazo. Mji mzima ulisimama juu ya mwiko wa adui. Anayenakili nguzo zake kwa ajili ya hoteli hunakili kitu ambacho maana yake ilikuwa, kwa maneno machache, hapa hamruhusiwi kutugusa.

Kiswahili kina neno linalofaa sana hapa. Mwiko ni kifaa cha mwashi, kile anachochotea udongo na kusawazishia saruji. Mwiko pia ni katazo ambalo mtu halivunji hata kama hakuna anayemwona. Maneno hayo mawili yanatamkwa sawa, na katika nyumba za jadi mara nyingi yalifanya kazi pamoja. Mfano mzuri ni makaburi ya Kasubi jijini Kampala, wanakozikwa makabaka wa Buganda. Mafundi wa kuezeka nyumba kuu ya Muzibu Azaala Mpanga hutoka ukoo wa Ngeye, na wanaoshughulikia mapambo hutoka ukoo wa Ngo. Pete 52 zilizo ndani ya paa husimama kwa niaba ya koo 52 za Buganda. Moto ulipoiteketeza nyumba hiyo tarehe 16 Machi 2010, fedha peke yake hazikutosha kuirudisha. Ilibidi watafutwe watu wenye haki ya kuijenga, wanaojua cha kufanya na cha kutofanya wakati wa kuijenga. UNESCO iliiweka Kasubi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka huohuo wa 2010, na haikuitoa mpaka 2023. Miaka 13 kwa paa la nyasi! Mkandarasi wa hoteli angelimaliza kwa wiki tatu.

Sasa twende Jinja.

Jina la mji lenyewe linatokana na neno la mawe, na mawe hayo yalikuwa kwenye maporomoko. John Hanning Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862, akayapa maporomoko jina la bwana mkubwa wa Uingereza aliyeongoza chama cha wanajiografia cha London, Lord Ripon. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili akafungua bwawa la Owen Falls, na maporomoko ya Ripon yakawa yamefunikwa na maji. Baadaye bwawa hilo likabadilishwa jina likaitwa Nalubaale, ambalo ndilo jina la Kiganda la ziwa Victoria, likihusishwa na lubaale, yaani miungu. Kwa hiyo ziwa la miungu likaupa jina mtambo wa umeme, na watu wachache wakacheka.

Nile ikitoka hapo, hoteli na loji zimejipanga kando yake. Nyingi zina paa la nyasi, sebule wazi upande wa maji, na njia za mbao zilizoinuliwa juu ya ardhi. Nyingine zina bwawa la kuogelea hatua chache kutoka ziwani, likitazamana na maji yasiyokuwa na mwisho. Wageni wengine hulicheka bwawa hilo, lakini lina sababu yake: ziwani kuna kichocho. Hata hivyo picha yake inabaki akilini. Mgeni amesafiri maelfu ya kilomita kuja kwenye maji, kisha amechorewa maji mengine ya kumtenga na yale aliyoyajia.

Kilomita chache kutoka mjini palikuwa na maporomoko ya Bujagali. Kwa Wasoga, wenyeji wa eneo hilo, hapakuwa mahali pa mandhari. Palikuwa makao ya Budhagaali, mzimu wa maji hayo, na kila kizazi mzimu huo ulikuwa na kiti chake, mtu anayepandwa nao na kusema kwa niaba yake. Ilisimuliwa kwamba Budhagaali wa kweli hujulikana kwa uwezo wa kukaa juu ya kipande cha nguo ya magome na kuvuka maji yanayochemka bila kuzama. Tazama picha hiyo tena: mtu, nguo iliyotwangwa kutoka gome la mtuba, na mto unaombeba. Wakenyi wana mafunjo, Budhagaali ana gome la mti. Katika fikra za mashariki mwa Uganda, mwenye haki juu ya maji ni yule ambaye maji yamekubali kumbeba.

Ulipokuja mradi wa bwawa jipya, swali la kiroho likaingia kwenye mafaili ya wahandisi. Je, mzimu unahamishika? Wakubwa wa mradi walikubali kwamba lipo jambo la kushughulikiwa, wakagharimia matambiko ya kuutuliza na kuuhamisha. Nabamba Budhagaali, mzee aliyejulikana kuwa kiti chake, alikataa. Msimamo wake ulikuwa rahisi: mzimu ndio uliochagua mahali, basi hakuna mkataba wa binadamu unaoweza kuupangia mahali pengine. Kiti mwingine alikubali kufanya tambiko, na viti wawili wakabaki wakipingana hadharani juu ya nani anasema kwa niaba ya nani. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilipochunguza malalamiko kuhusu mradi huo, masuala ya kiroho ya Wasoga yalikuwa miongoni mwa yaliyochunguzwa. Maporomoko yalizama 2011, na tarehe 8 Oktoba 2012 bwawa la megawati 250 likazinduliwa rasmi.

Ni rahisi kuwalaumu wenye bwawa, na makala mengi yamefanya hivyo. Lakini nchi ilihitaji umeme; hospitali nazo zinahitaji taa. La maana zaidi kwa mada hii ni ile falsafa iliyokuwa chini ya tambiko la kulipiwa. Ilidhani kwamba utakatifu ni mzigo: ukipata mchukuzi na ukamlipa, unapelekwa kokote. Msanifu wa hoteli ya mtindo wa jadi anafikiri vivyo hivyo kwa upande wa pili. Mwenye bwawa alitaka kuuhamisha mzimu na kuacha mahali pake. Mwenye hoteli anataka kulihamisha umbo na kuuacha mzimu wake. Wote wawili wanaamini kwamba vitu hivyo vinatenganishika.

Je, vinatenganishika kweli?

Wasomi wa Makerere waliligombania swali linalofanana na hili zaidi ya nusu karne iliyopita. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha hapo kuanzia 1964 mpaka 1974, alieleza katika kitabu chake cha 1969 kwamba dini ya Mwafrika imeenea katika kila sehemu ya maisha yake na kwamba Waafrika walimjua Mungu mmoja kabla ya wamisionari. Okot p'Bitek, Mwacholi na mshairi mwenye ulimi mkali, alimjibu mwaka 1970. Kwa maoni yake wasomi wa namna hiyo walikuwa wakiivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani ili ipokewe vizuri kwenye sebule za Ulaya. Ugomvi wao ulikuwa juu ya mavazi: je, mungu akivishwa nguo ya wengine anabaki yuleyule? Leo mchoraji wa hoteli ya Jinja anafanya kinyume cha kile Okot alichokilalamikia. Anachukua chumba cha kawaida cha hoteli, chenye kiyoyozi, jokofu dogo na runinga, anakivisha nguo za Kisoga. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na huonekana zaidi pale upepo wa ziwa unapovuma.

Anayetaka kuona kuazima kwa namna nyingine kabisa apande gari aende Mbale.

Mji huo uko chini ya mlima Elgon, ambao wenyeji huuita Masaaba, na ulikuzwa na Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewatumikia Waingereza kisha akagombana nao. Kakungulu aliisoma Biblia kwa makini kuliko walimu wake walivyotarajia. Mwaka 1919 alijitahiri pamoja na wanawe, akajitenga na makanisa, na jamii aliyoianzisha ikaja kujulikana kama Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Alikufa 1928. Jamii yake ilipita kwenye marufuku ya Idi Amin, ikapungua sana, lakini haikufa. Leo kitovu chake ni kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji.

Hawa waliazima kutoka mbali kuliko hoteli yoyote, lakini waliazima kwa mpangilio tofauti. Sinagogi la Musa la Nabugoye halikujengwa ili lifanane na Yerusalemu. Lilijengwa kwa matofali na bati kama majengo mengine ya wilaya hiyo, na mpita njia asiyejua angelidhania ni shule. Walichokichukua kutoka Israeli ni masharti: siku ya Sabato wasiyofanya kazi, vyakula wasivyokula, tohara siku ya nane, nyimbo zilizofundishwa kwa sauti za nyumbani. Waliiacha sura wakachukua miiko. Matokeo yake, miaka mia moja baadaye hakuna anayeweza kusema Uyahudi wao ni pambo.

Abayudaya pia wana jengo moja ambalo kila msanifu wa hoteli angepaswa kulitazama kwa muda. Wakati wa Sikukuu ya Vibanda, kila mwaka, hujengwa kibanda kinachoitwa sukka. Sheria zake ziko wazi: paa liwe la mimea iliyokatwa, kivuli chake kizidi jua, lakini lisiwe zito mpaka likaficha nyota kabisa. Mtu hula humo siku saba, kisha kibanda kinavunjwa. Ni paa la majani, kama lile la hoteli. Tofauti ni kwamba mwenye sukka anajua kwa nini paa linavuja mwanga: ni kwa ajili ya kumkumbusha kwamba baba zake walikaa jangwani bila nyumba ya kudumu na wakalindwa. Paa la hoteli nalo lina matundu, lakini chini ya nyasi zake mara nyingi imelazwa karatasi ya plastiki ili mgeni asilowe.

Mbale ina somo jingine, nalo liko kinamasini. Kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Wamasaaba huanza msimu wa imbalu, tohara ya vijana, kwa sherehe katika uwanja wa Mutoto. Kabla ya kisu, kijana hupakwa tope la kinamasi. Tope hilo haliwezi kununuliwa dukani, wala tope la mto mwingine haliwezi kuchukua nafasi yake. Kinamasi kwa hiyo ni sehemu ya utu uzima wa Mmasaaba. Kikifukiwa, kuna kitu katika mwili wa watu kinachofukiwa nacho. Na kinamasi kikifukiwa maji yake hutafuta njia nyingine. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake na kuingia mjini. Watu zaidi ya 20 walikufa, barabara zikakatika, mabomba ya maji yakang'olewa.

Hapo ndipo mwiko wa mzimu na mwiko wa mwashi inapokutana tena. Mzee anayesema usijenge pale kwa sababu ni pa mizimu na mhandisi anayesema usijenge pale kwa sababu ni njia ya mafuriko wanalindana bila kujuana. Haimaanishi kwamba dini ni hidrolojia iliyovaa kanzu. Nabamba asingekubali kufasiriwa hivyo, na ana haki yake. Inamaanisha kwamba jamii inayojua mahali pasipojengwa ina maarifa ya kujenga ambayo mchoro wa hoteli hauonyeshi, kwa sababu mchoro unaonyesha kilichojengwa tu.

Pingamizi lipo, na lina uzito. Hoteli si hekalu. Mgeni analipia kitanda, na kijana wa kijiji cha jirani anayepata mshahara kwa kutandika kitanda hicho hana haja ya mhadhara juu ya mizimu. Zaidi ya hayo, hoteli za paa la nyasi zimewapa kazi mafundi wa kuezeka wakati ambapo vijijini kila mtu anayepata fedha ananunua bati. Bila wateja hao ujuzi ungekufa. Wengi wa Wasoga na Wamasaaba wenyewe ni Wakristo na Waislamu leo, na baadhi yao wangeona aibu kuambiwa kwamba hoteli inapaswa kumheshimu Budhagaali. Kwa nini mjenzi abebe imani ambayo wenye nyumba wameiweka chini?

Jibu ni kwamba hahitaji kuiamini. Anahitaji kuuliza imani ile ilimkataza nini mwenye nyumba, kisha akubali kukatazwa yeye pia. Na hapa dini mpya na za zamani hazipo mbali sana. Mbale ndiko kilikofunguliwa Chuo Kikuu cha Kiislamu nchini Uganda mwaka 1988, na mwanafunzi wa fikihi hapo atasema bila kusita kwamba maji ya mto na ziwa ni ya wote, na kwamba kufuja maji kumekatazwa hata kwa anayetawadha kwenye mto unaopita. Jinja yenyewe ina sanamu ya Mahatma Gandhi karibu na chanzo cha Nile, kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilitupwa hapo mwaka 1948. Kwa Mhindu, mto huo ni njia ya kupitia kutoka duniani. Msoga, Mwislamu, Mhindu na Myahudi wa Nabugoye hawakubaliani juu ya Mungu. Wanakubaliana kwamba mtu hafiki kwenye maji na kufanya anavyotaka.

Hata dola ina mwiko wake. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zilitenga mita 200 kutoka alama ya chini ya maji katika maziwa makubwa kama Victoria na Kyoga, na mita 100 kila upande wa Nile kutoka alama ya juu ya maji, pasiwe na shughuli bila idhini. Kila anayepita ufukweni ataona jinsi mita hizo zinavyoheshimiwa: kwa ukuta wa mawe na geti lenye mlinzi. Mwiko wa zamani ulilindwa na hofu ya kifo. Mwiko wa sasa unavunjwa kwa muhuri.

Hoteli iliyoazima miiko pamoja na umbo ingeonekanaje? Huenda isingekuwa nzuri sana kwenye picha. Majengo yake mazito, jiko, dobi na vyumba vingi, yangekaa nyuma ya zile mita 200, na kati yake na ziwa mafunjo yangeachwa yakue, ingawa yanaziba mandhari. Mafunjo hayo yanachuja uchafu. Kinamasi cha Kirinya, pale Jinja, kimekuwa kikipokea majitaka ya mji kwa miaka mingi. Kilichopo juu ya maji kingeelea, kikipanda na kushuka na ziwa, na kingeweza kufunguliwa na kuondolewa bila kuacha nguzo ya zege. Pangekuwa na sehemu inayobadilishwa kila msimu kwa mikono, ili ujuzi wa kuyalaza mabua ubaki na kazi. Kichungu zaidi kwa mwekezaji ni njia: mvuvi na mtumbwi wake wangepita, na mwanamke anayeleta kuku wa tambiko angepita, na hakuna ambaye angeulizwa namba ya chumba.

Jambo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu hoteli huuza upekee. Mwenyeji wa Kiafrika hujulikana kwa kumkaribisha mgeni, ila hata yeye alikuwa na kipimo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hoteli huondoa jembe, na mara nyingine humwondoa mwenyeji. Wuzhen walimwondoa kabisa, na kazi ikaonekana safi. Ikiwa Jinja itafuata njia hiyo, itapata mji wa majini usio na watu wa majini, na itakuwa imefanya kwa mbao na nyasi kile ambacho bwawa lilifanya kwa zege.

Hukumu, basi, si kwamba hoteli zisijengwe. Zijengwe, lakini anayechora asianze na daftari la picha za Polinesia wala za China. Wakenyi wametajwa kwa jina katika jedwali la makabila asilia la Katiba ya Uganda ya 1995, na walimu wa elimu ya nyumba zinazoelea wanatoka katika jamii hiyo. Maji ya Nile yanayotoka Jinja huingia Kyoga. Maji ya mto Manafwa, yanayoteremka Elgon na kupita karibu na Mbale, huingia Mpologoma, na Mpologoma huingia Kyoga. Msanifu mwenye kazi katika mji wowote kati ya hiyo miwili ayafuate maji mpaka hapo, aombe mtumbwi, na aulize kabla ya kuchora.